Safari ya baiskeli kwa ajili ya uhifadhi

Safari ya baiskeli kwa ajili ya uhifadhi ni safari ndefu inayofanywa kwa baiskeli, mara nyingi na mtu mmoja, kwa nia ya kuwaeleza watu hali ya pori, wanyama au mimea iliyo hatarini. Msafiri hubeba hema, chakula, maji na vifaa vya kuziba pancha juu ya baiskeli yake, hulala njiani, na huzungumza na watu anaowakuta: shuleni, sokoni, kwenye ofisi ya kijiji au barazani kwa mtu aliyempa maji ya kunywa.

Makala hii inahusu hasa safari za namna hiyo zilizofanywa na wanawake waliosafiri peke yao. Sehemu ya mwisho inaeleza nyika za Ngara na Biharamulo katika Mkoa wa Kagera, Tanzania, zinazopakana na barabara inayotumiwa na waendesha baiskeli wanaoingia nchini kutoka Rwanda na Burundi.

Baiskeli na mizigo yake

Zamani msafiri wa baiskeli alifunga mifuko miwili mikubwa kwenye karia ya nyuma, na pengine miwili midogo mbele. Tangu miaka ya 2000 umeenea mtindo mwingine: mifuko midogo hufungwa moja kwa moja kwenye fremu, chini ya siti na mbele ya usukani, bila karia yoyote. Baiskeli hubaki nyembamba na nyepesi, na kwa kuwa tairi zake ni pana, inapita kwenye vijia vya ng'ombe, mchanga na kokoto ambako baiskeli yenye mifuko ya pembeni ingekwama. Mtindo huo ulipata wafuasi wengi kupitia mashindano ya Tour Divide, yaliyoanza mwaka 2008 na kufuata Milima ya Rocky kutoka Banff nchini Kanada hadi mpaka wa Marekani na Mexico.

Kwa mtu anayetaka kuyafikia mapori, tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu barabara za lami kwa kawaida huyazunguka. Pamoja na hayo, mzigo unaoamua mwendo wa siku ni maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja, na mtu anayepanda vilima kwenye jua la mchana anaweza kumaliza lita sita au zaidi kabla ya jioni. Kwenye lami msafiri wa kawaida huenda kati ya kilomita 50 na 100 kwa siku. Kwenye vumbi na milima hata kilomita 40 ni kazi ya kutwa.

Afrika Mashariki kuna jambo jingine la kuzingatia, nalo ni vipuri. Tairi na tyubu za inchi 28 za baiskeli nyeusi za mizigo, kama zile za Phoenix kutoka China, hupatikana karibu kila senta yenye duka la vipuri, na fundi wa kunyoosha rimu au kubadilisha spoki hakosekani. Tairi za inchi 29 za baiskeli za kisasa na breki zinazotumia mafuta ni shida kuzipata nje ya miji mikubwa. Ndiyo maana wasafiri wenye uzoefu huchagua baiskeli ya chuma isiyo na makuu.

Historia

Kutumia baiskeli kubeba ujumbe ni jambo lililoanza mapema. Annie Londonderry, ambaye jina lake halisi lilikuwa Annie Cohen Kopchovsky, alikuwa mama wa watoto watatu, mhamiaji kutoka Latvia aliyeishi Boston. Juni 1894 aliondoka mjini humo kwenda kuizunguka dunia, na Septemba 1895 alikuwa amerudi Marekani. Kampuni iliyouza maji ya chemchemi ya Londonderry ilimlipa dola 100 ili abebe tangazo lake na kutumia jina lake. Alianza akiwa amevaa sketi ndefu juu ya baiskeli nzito ya kike. Alipofika Chicago aliibadilisha kwa baiskeli ya kiume iliyo nyepesi zaidi, na baadaye akavaa suruali. Sehemu kubwa ya safari yake aliifanya kwa meli, na magazeti ya wakati huo yalimshuku kwa mengi aliyosimulia. Hata hivyo alikuwa amethibitisha jambo moja: mwanamke aliye peke yake juu ya baiskeli hutazamwa na kila mtu, na kilichoandikwa kwenye baiskeli yake husomwa.

Dervla Murphy (1931–2022), mwandishi kutoka Lismore nchini Ireland, hakubeba tangazo lolote. Mwaka 1963 aliendesha baiskeli kutoka Ireland hadi India, na kitabu chake cha kwanza, Full Tilt, kilitoka mwaka 1965. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 60, aliendesha baiskeli kutoka Kenya hadi Zimbabwe kupitia Uganda, Tanzania, Malawi na Zambia. Alikusudia mapumziko tu. Lakini katika kila kijiji alichosimama watu walimweleza habari za ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza ndugu zao, na kitabu alichokiandika, kilichotoka mwaka 1993, kikaitwa The Ukimwi Road, jina lililobeba neno la Kiswahili. Kwa wasomaji wa Kagera neno hilo halihitaji maelezo, kwani wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa katika mkoa huo mwaka 1983.

Kitabu cha Murphy hakihusu uhifadhi, lakini kinaonyesha kwa nini baiskeli inafaa kwa kazi hiyo. Msafiri wa gari hupita. Msafiri wa baiskeli hufika amechoka, ana kiu na hana pa kulala, kwa hiyo yeye ndiye mwenye shida na wenyeji ndio wenye msaada. Akiwa mwanamke, mara nyingi hupelekwa jikoni kwa wanawake wenzake, na huko husikia mambo ambayo mgeni wa ofisini haambiwi. Habari za pori, yaani kuni zinapatikana umbali gani siku hizi, chemchemi ipi imekauka, mnyama gani anakula mahindi, hujulikana zaidi na wale wanaokwenda porini kila siku, na sehemu nyingi za Afrika Mashariki wanaokwenda kutafuta kuni na maji ni wanawake.

Kate Rawles

Kate Rawles ni mwandishi na mwanafalsafa wa mazingira kutoka Uingereza ambaye aliwahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Lancaster. Mwaka 2006 aliendesha baiskeli kutoka Texas hadi Alaska, umbali wa takriban kilomita 7,300, akifuata Milima ya Rocky na kuwauliza Wamarekani wa kila aina wanafikiri nini kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Matokeo yake yalikuwa kitabu The Carbon Cycle cha mwaka 2012.

Safari yake ya pili ilihusu uhai wenyewe: wingi wa aina za viumbe, kwa nini zinapotea, na nani anajaribu kuzilinda. Mwishoni mwa 2016 alivuka Bahari ya Atlantiki kwa meli ya mizigo, kwa kuwa hakutaka kupanda ndege, kisha akashuka kando ya Milima ya Andes kutoka Kolombia hadi Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina. Alitumia miezi 13 na kusafiri zaidi ya kilomita 13,000, sehemu kubwa akiwa peke yake. Baiskeli yake aliitengeneza mwenyewe kwa mianzi iliyokuzwa katika bustani za Eden Project huko Cornwall, akaipa jina la Woody. Kitabu cha safari hiyo, The Life Cycle, kilitoka mwaka 2023.

Baiskeli ya mianzi ilimsaidia kuliko hotuba. Watu walikuja kuigusa na kuuliza kama itavunjika, na mazungumzo yalianzia hapo. Njiani alitembelea watu wanaolinda misitu, vyanzo vya maji na wanyama, na wengine wanaopinga migodi mikubwa. Simulizi lake linakiri wazi kwamba uhifadhi na riziki hugongana, na kwamba anayeambiwa aache kukata msitu huwa na haki ya kuuliza atakula nini.

Sara Dykman

Sara Dykman, Mmarekani, alichagua kumfuata kiumbe mmoja. Mwaka 2017 alianzia kwenye misitu ya milimani katika jimbo la Michoacán, Mexico, ambako vipepeo wa aina ya Danaus plexippus hukusanyika kwa mamilioni wakati wa baridi hadi matawi ya miti yanainama. Vipepeo hao wanapoelekea kaskazini, naye aliondoka kwa baiskeli. Alipita Marekani hadi Kanada, akarudi Mexico pamoja na kizazi cha mwisho cha mwaka huo. Alikuwa amesafiri zaidi ya kilomita 16,000 kwa karibu miezi 9. Kitabu chake, Bicycling with Butterflies, kilitoka mwaka 2021.

Uhamaji huo ni wa ajabu kwa sababu hakuna kipepeo mmoja anayekamilisha mzunguko wote. Wale wanaotoka Mexico hutaga mayai njiani na kufa. Watoto na wajukuu wao ndio wanaofika Kanada, na kizazi kinachozaliwa mwishoni mwa kiangazi ndicho kinachorudi kwenye milima ambayo hakijawahi kuiona. Viwavi wao hula majani ya mimea ya jenasi Asclepias pekee, yenye utomvu mweupe, na mimea hiyo huondolewa kwa dawa za magugu mashambani na kwa mashine za kufyeka kandokando ya barabara.

Hapo ndipo mwendo wa baiskeli ulipokuwa na faida. Dykman aliweza kuuona kila mmea ukingoni mwa barabara, kugeuza jani na kutafuta yai. Alisimama katika shule nyingi njiani kuwafundisha watoto, na hakuwaomba walinde pori la mbali. Aliwaomba waache magugu machache yaote nyuma ya shule. Baiskeli yake kuukuu, iliyoungwaungwa kwa vipuri vilivyotumika, ilikuwa sehemu ya mafunzo hayo.

Ukosoaji

Safari hizi zina wakosoaji, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni kwamba msafiri hupata sifa, kitabu na mialiko, ilhali askari wa wanyamapori na wanakijiji waliolinda eneo hilo kwa miaka mingi hubaki hawajulikani. Ya pili ni kwamba wengi huruka kwa ndege hadi wanakoanzia, na hivyo kuchafua hewa kuliko wangebaki nyumbani; Rawles alipanda meli ya mizigo kwa sababu hiyohiyo. Ya tatu ni ugumu wa kupima matokeo. Pesa zilizochangwa huhesabika, lakini hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni mti gani ulibaki umesimama kwa sababu mtu fulani alipita na baiskeli.

Kuna pia suala la usalama. Mwanamke aliye peke yake huulizwa kila siku mume wake yuko wapi na kama haogopi. Maswali mengi ni ya huruma, machache si ya huruma. Wasafiri wenye uzoefu huepuka kuendesha usiku, hawatangazi watakapolala, na hupendelea kupiga hema ndani ya ua wa familia, shule, kanisa au msikiti kuliko porini. Mtu hujikuta anatetea pori ambalo yeye mwenyewe halali ndani yake.

Afrika Mashariki

Afrika Mashariki baiskeli ni chombo cha kazi kwanza. Neno bodaboda lenyewe lilianzia kwa baiskeli zilizobeba abiria kwenye mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, kabla ya pikipiki kulichukua. Mashariki mwa Kongo kuna chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachoshusha viazi, makaa na magunia milimani kuelekea Goma. Ngara na Burundi baiskeli hupakizwa mikungu ya ndizi au madumu ya maji mpaka mwendeshaji haonekani, husukumwa kupanda mlima na kuendeshwa kwa kushuka.

Kwa muda mrefu wanawake walikuwa upande mwingine wa chombo hicho: walikaa kwenye karia, kiupande. Baiskeli iliyo kwenye familia nyingi ina mtalimbo, na msichana aliyejifunza kuendesha alijifunza kwa kupitisha mguu chini ya mtalimbo huo, au kwa kujifunga kitenge na kuvumilia maneno ya watu. Hali imebadilika katika maeneo mengi, hasa kwa wasichana wanaokwenda shule za sekondari za mbali, ila mwanamke mtu mzima anayeendesha mwenyewe umbali mrefu bado hugeuza shingo za watu.

Kampeni za kutumia mwili wa msafiri kuwatetea wanyama zimefanyika katika ukanda huu hasa kwa miguu. Jim Nyamu wa Kenya, mwanzilishi wa Elephant Neighbors Center, mwaka 2013 alitembea kutoka Mombasa hadi Nairobi kupinga biashara ya meno ya tembo, na mwaka huohuo akatembea kutoka Boston hadi Washington nchini Marekani. Alisimama vijijini na mashuleni njia nzima, kama wafanyavyo waendesha baiskeli.

Kuendesha baiskeli ndani ya hifadhi ni jambo tofauti. Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, inajulikana kwa kuwaruhusu wageni kupita kwa baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Katika hifadhi nyingi zenye simba, nyati na tembo mgeni haruhusiwi kwenda nje ya gari bila askari. Kwa sababu hiyo safari ya baiskeli kwa kawaida hupita pembezoni mwa hifadhi, kwenye vijiji. Wakazi wa vijiji hivyo ndio wanaoishi na matokeo ya uhifadhi, mazuri na mabaya.

Nyika za Ngara na Biharamulo

Ngara ni wilaya ya Mkoa wa Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi. Wenyeji wake ni hasa Wahangaza na Washubi, na kata zake, ikiwemo Mabawe, ziko kwenye nchi ya vilima, migomba, maharage na kahawa. Mto Ruvubu kutoka Burundi huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Kuelekea mashariki na kaskazini ardhi hushuka, mashamba hupungua, na miombo huanza. Huko ndiko Biharamulo.

Miombo hiyo pamoja na mabwawa ya mafunjo ya Mto Kagera na Ziwa Burigi ilihifadhiwa kwa miaka mingi kama mapori ya akiba matatu: Burigi, Biharamulo na Kimisi. Mwaka 2019, wakati wa Rais John Magufuli, mapori hayo yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato yenye eneo la kilomita za mraba 4,707. Badiliko hilo si la jina tu. Katika pori la akiba uwindaji unaweza kuruhusiwa kwa kibali. Katika hifadhi ya taifa, iliyo chini ya TANAPA, hauruhusiwi. Kati ya wanyama wanaopatikana humo ni twiga, nyati, pundamilia, topi, kiboko, chui, korongo, palahala na nzohe, swala anayeishi ndani ya mafunjo.

Historia ya karibuni ya eneo hilo ni nzito. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24. Kambi ya Benaco, iliyoitwa hivyo kwa jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kituo hapo, ikawa kubwa kuliko kambi zote za wakimbizi duniani wakati huo. Watu hao walihitaji kupika. Kwa makadirio ya UNHCR, zaidi ya tani 1,200 za kuni zilichomwa kila siku katika kambi za Kagera, na hadi wakimbizi waliporudishwa Rwanda mwezi Desemba 1996 kilomita za mraba 570 za misitu zilikuwa zimeathirika, kati yake 167 vibaya sana. Waliotafuta kuni hizo walikuwa hasa wanawake na watoto, na kila mwezi walikwenda mbali zaidi.

Wanyama nao walipungua. Mgao wa chakula kambini ulikuwa na mahindi na maharage, nyama hakuna, na mapori yalikuwa karibu. Nyama ya pori ilipikwa giza likishaingia, ikaitwa mchicha wa usiku. Shirika la TRAFFIC lilichukua jina hilo kuwa kichwa cha ripoti yake ya mwaka 2008 kuhusu ulaji wa nyama ya pori katika kambi za kaskazini magharibi mwa Tanzania, na likasema waziwazi kwamba mgao usio na nyama ulikuwa sehemu ya chanzo cha ujangili huo. Kambi ya Lukole, iliyokuwa na Warundi, ilifungwa mwaka 2008. Baada ya wakimbizi yalikuja makundi makubwa ya ng'ombe, mengine kutoka nje ya nchi, na silaha zilizobaki mikononi mwa majambazi zilifanya magari ya barabara za misitu ya Biharamulo yasindikizwe na polisi kwa miaka mingi.

Ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Rwanda, iko Hifadhi ya Taifa Akagera. Nayo iliumia: mwaka 1997 ilipunguzwa kwa zaidi ya nusu ili kuwapa ardhi watu waliorudi nchini. Tangu 2010 inaendeshwa kwa ushirikiano na shirika la African Parks. Simba walirudishwa mwaka 2015 na vifaru weusi mwaka 2017. Mto ni mpaka wa nchi mbili, lakini si mpaka wa kiboko wala nzohe, kwa hiyo hali ya Kimisi na hali ya Akagera haziwezi kutenganishwa kabisa.

Kwa wanakijiji waliopakana na hifadhi, uhifadhi una bei. Malisho, kuni na uvuvi vilivyokuwa vikipatikana kimyakimya katika pori la akiba sasa ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani. Serikali hulipa kifuta jasho kwa mazao au mifugo iliyoharibiwa na wanyamapori wakali, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa, kwa kanuni za mwaka 2011. Viwango vyake ni vidogo na wengi hulalamika kwamba huchelewa. Mtu anayepita na baiskeli akihubiri kulinda wanyama bila kujua maneno hayo mawili hatasikilizwa muda mrefu.

Kupita kwa baiskeli

Wasafiri wa baiskeli wanaotoka Kigali huingia Tanzania kwa daraja la Rusumo, na wanaotoka Burundi kwa mpaka wa Kobero na Kabanga. Njia hizo mbili hukutana Nyakasanza, karibu na Benaco, kisha barabara huenda Nyakahura hadi Lusahunga wilayani Biharamulo. Kutoka Rusumo hadi Lusahunga ni takriban kilomita 92, na kutoka Kobero hadi Nyakasanza takriban 59. Ni barabara ya malori yanayokwenda Kigali na Bujumbura kutoka Dar es Salaam, na hatari kubwa kwa mwendesha baiskeli ni hayo malori, kuliko mnyama yeyote. Njia za vumbi za Ngara, kama zile za kata za vilimani, zina magari machache na watu wengi zaidi wa kuzungumza nao, lakini hupanda na kushuka bila kupumzika.

Mvua hunyesha kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei, na udongo mwekundu ukilowa hujaa kwenye breki na cheni mpaka magurudumu yanakataa kuzunguka. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu, ila vijito vingi vidogo huwa vimekauka. Kwenye miombo kuna mbung'o, wanaovutwa na nguo nyeusi na za buluu iliyokolea, hivyo msafiri huvaa nguo za rangi ya udongo au majani makavu. Kwa kuwa ni eneo la mpakani, mgeni anayetaka kulala kijijini huripoti kwanza kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji, akiwa na pasi yake. Huyo ndiye anayemwonyesha pa kupiga hema, na kwa kawaida kabla ya chakula cha jioni habari za ujio wake huwa zimeshafika kila nyumba.